Shule Zilipofungwa

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Jomo Kenyatta na wenzake wengi walikamatwa, na wanajeshi kutoka Uingereza wakaanza kuingia. Hayo anayajua kila aliyesoma historia ya nchi hii. Lisilotajwa sana ni kwamba katika miezi iyo hiyo serikali ilifunga shule. Zilikuwa shule za wananchi wenyewe, chini ya vyama viwili, KISA na Karing'a, vilivyochipuka baada ya mvutano wa mwaka 1929 kati ya wamisionari na wazazi juu ya tohara ya wasichana. Mizizi yake ilikuwa Kiambu, Murang'a na Nyeri, lakini KISA ilikuwa imeshaingia Embu, zikiwemo Ndia na Gichugu ambazo wakati huo zilikuwa sehemu ya wilaya hiyo, na ilikuwa imefika Meru. Wazazi walichanga fedha, wakatoa mbao na nguvu zao, wakajenga madarasa, wakatafuta walimu na kuwalipa. Baada ya amri ya serikali, baadhi ya shule hizo zilikabidhiwa misheni na halmashauri za elimu za wilaya. Nyingine zilibaki magofu. Chuo cha ualimu cha Githunguri, alichokianzisha Mbiyu Koinange mwaka 1939, nacho kilifungwa, na kiwanja ambacho wazazi wa Mlima Kenya walikichangia kikafanywa mahali pa kunyongea watu.

Inafaa kuuliza kwa nini serikali yenye ndege za kivita, iliyopigana na vijana wa Mau Mau wenye mapanga na bunduki za kujitengenezea, ilihangaishwa na madawati ya watoto. Yenyewe ilisema shule hizo zilikuwa vituo vya kulishia watu kiapo, na hapana shaka baadhi ya walimu wake walikuwa wamekula kiapo. Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi. Shule iliyojengwa na wazazi bila kuwategemea wamisionari ilitangaza kwamba watu wa Mlima Kenya wanaitazamia siku ya kujitawala, na kwamba wameshaanza kuwaandaa watoto wao kwa siku hiyo. Hoja ninayoitetea katika sura hii ni kwamba katika vita vile mapenzi ya kitabu ndiyo yaliyokuwa umbo kuu la matumaini. Matumaini ya mtu aliyezungushiwa seng'enge hayaishi kwa maneno matupu. Yanahitaji kazi ya kila siku ya kuyashikilia. Kujifunza kusoma ni kazi ya namna hiyo. Haimpi mtu chakula leo, wala haimfungulii lango kesho asubuhi. Anayeifanya ameshaamua moyoni mwake kwamba iko siku atakayoitumia.

Njaa ya kusoma ilitangulia vita. Misheni zilikuwa zimeshaanza kufundisha: Wamethodisti walikuwa Kaaga, kando ya mji wa Meru. Kanisa la Scotland lilifika Chogoria, ambako Dkt. Archibald Irvine alianza mwaka 1922 kazi iliyozaa hospitali, kanisa na shule. Waanglikana walikuwa Kigari, Embu, na mapadre wa Consolata walienea pande za Meru na Embu wakitokea Nyeri. Kwa miaka mingi kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja, na kitabu kikuu kilikuwa cha dini. Lakini mtoto akishajua herufi humwambii asome kitabu kimoja tu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana waliorudi kutoka Burma na kwingineko walikuwa wamesoma magazeti na kuona nchi nyingine, na wazazi waliona wazi kwamba kazi ya ukarani, ualimu na uuguzi ilikwenda kwa aliyesoma. Mwaka 1948 East African Literature Bureau ilianzishwa, ikachapisha vitabu vidogo kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki, ikapeleka masanduku ya vitabu mashambani na kuwaazima wasomaji vitabu kwa njia ya posta. Mwaka uliofuata ikatoka Ripoti ya Beecher, iliyoigawa elimu ya Mwafrika katika ngazi za miaka minne minne na kuufanya mlango wa kila ngazi kuwa mwembamba kuliko uliotangulia. Wazazi waliisoma ripoti hiyo kama hukumu juu ya watoto wao. Basi vita vilipoanza vilikuta watu ambao tayari walikuwa wakigombania shule, na ugomvi huo ulikuwa mojawapo ya sababu za vita.

Halafu vita vyenyewe vikawa vya karatasi. Kipande kilikuwepo tangu miaka ya 1920, lakini sasa Mkikuyu, Muembu na Mmeru walifungwa pamoja katika kundi moja la watu wa kushukiwa, wakabebeshwa vitabu vya pasi na kudaiwa vyeti vya utiifu. Tarehe 24 Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, jeshi lilizingira Nairobi na kuwakusanya watu wa makabila hayo matatu. Walipitishwa mmoja mmoja mbele ya maofisa na mbele ya gakunia, yule mtoa habari aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Makumi ya maelfu walipelekwa kambini, na kando ya jina la kila mmoja iliandikwa rangi: mweupe, wa kijivu au mweusi, kulingana na kiasi walichodhaniwa kuikumbatia Mau Mau. Nyumbani, kuanzia mwaka huo, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika kwenye kingo za milima, wakasongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye mahandaki, miti iliyochongwa na kafyu. Mama wa Gichugu hakuweza kwenda sokoni bila karatasi. Kijana wa Imenti, Meru, hakuweza kutafuta kazi Nairobi bila karatasi. Na mtu asiyejua kusoma aliibeba hukumu yake mfukoni pasipo kujua imeandikwaje. Kujua kusoma katika hali hiyo kulikuwa kujilinda.

Serikali yenyewe ilijua uzito wa maandishi, na ndiyo maana ilipiga marufuku mengi. Gazeti la Henry Muoria, Mumenyereri, lilizimwa. Vitabu vidogo vya nyimbo, zilizoimbwa kwa tuni za kanisani lakini zikiwa na maneno ya ardhi na uhuru, vilitafutwa nyumba kwa nyumba. Gakaara wa Wanjau, mchapishaji wa Nyeri, alikamatwa katika usiku ule wa kwanza wa hali ya hatari. Miongoni mwa maandishi yaliyomtia matatani ni insha yake Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, ambayo aliiandika kwa Kiswahili ili isomwe na Waafrika wengi zaidi ya Wakikuyu wenzake. Wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kulikumbuka jambo hilo. Lugha yetu ilikuwemo katika vita hivyo tangu mwanzo, na mtu alilipa kwa miaka ya maisha yake kwa sababu ya kuiandika.

Wale walioingia msituni hawakuyaacha madaftari nyuma. Dedan Kimathi alikuwa mwalimu na karani kabla ya kuwa mpiganaji, na aliendelea kuwa karani mpaka mwisho. Katika mkutano mkubwa wa Mwathe, kwenye msitu wa Nyandarua mwezi Agosti 1953, vikosi vilipewa majina na utaratibu, na kimojawapo kilikuwa Mei Mathathi, jeshi la upande wa Mlima Kenya lililowajumuisha wapiganaji wa Embu na Meru. Karari Njama, mwalimu mwingine aliyegeuka mwandishi wa majeshi, ameeleza jinsi kambi zilivyokuwa na makarani wao, orodha za wapiganaji, kumbukumbu za mikutano na barua zilizopelekwa kutoka kambi hadi kambi. Fikiria gharama yake. Karatasi na wino vilipaswa kuletwa kwa siri pamoja na dawa na risasi, vikabebwa kwenye mvua ya milimani na watu walioshindia asali na nyama ya mawindo. Mkuu wa jeshi anayewaza kesho tu hahitaji orodha. Kimathi alitaka majina yaandikwe kwa sababu aliamini kwamba vita vitakwisha, kwamba watauliza nani alipigana na nani alikufa, na kwamba asiyeandikwa atasahauliwa. Wahenga wa pwani wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Nyandarua waliona kwamba hata damu hupotea hivyo. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, lakini sehemu ya karatasi zake imebaki na imechapishwa.

Kambini ndiko tunakoona wazi zaidi jinsi kusoma kulivyolea matumaini. Josiah Mwangi Kariuki alipitia kambi 14 kwa muda wa miaka saba, na kitabu chake cha mwaka 1963 kinaeleza jinsi waliosoma walivyowafundisha wasiosoma, kwa zamu, baada ya kazi ngumu. Huko Manyani wafungwa walikuwa na magazeti mawili yasiyochapishwa popote. Manyani Times ilikuwa habari iliyothibitika, labda iliyochomolewa kwenye gazeti lililotupwa na askari au iliyosikika kwenye redio ya ofisa. Waya Times ilikuwa tetesi. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Mtu aliye kifungoni hula tetesi kwa sababu hana kingine. Tetesi humpandisha juu asubuhi na kumwangusha jioni. Watu wa Manyani walijiwekea kanuni ya mhariri: hiki kimethibitishwa, hiki bado. Walikataa kudanganyana hata pale ambapo uongo ungewafariji. Matumaini yaliyojengwa juu ya habari iliyopimwa yanaweza kuvumilia habari mbaya, na hiyo ndiyo tofauti yake na ndoto. Kariuki na wenzake waliandika pia barua za malalamiko, wakazitorosha hadi kwa wakubwa wa Nairobi na hata London, na alipigwa kwa sababu ya barua hizo. Hakuacha kuandika. Naye Gakaara, aliyepelekwa mpaka kisiwa cha Manda mbele ya Lamu, aliandika shajara kwa siri, akaificha, akaitoa kama kitabu mwaka 1983; mwaka uliofuata kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyeongoza mapambano upande wa Mlima Kenya mpaka alipokamatwa Januari 1954, alikutana na Kenyatta katika gereza la Lokitaung, na huko Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Wafungwa wawili, jangwani, wanafanya mazoezi ya sarufi: hakuna hotuba ya uhuru inayoonyesha imani kubwa kuliko hiyo.

Sehemu kubwa ya mkondo huo wa kambi ilipita katika ardhi ya Embu. Tambarare za Mwea, ambazo leo ni za Kaunti ya Kirinyaga, zilikuwa katika wilaya ya Embu, na huko zilikuwepo kambi za Thiba, Kandongu na Gathigiriri. Anayekula wali wa pishori wa Mwea anakula kutoka mashamba ambayo mifereji yake ya kwanza ilichimbwa na watu waliowekwa kizuizini. Mwaka 1957, chini ya ofisa Terence Gavaghan, wafungwa waliokataa kukiri walipokewa kambini hapo kwa kipigo kilichopangwa rasmi. Katika tambarare hizo hizo kulikuwa na Wamumu, ambako wavulana waliokamatwa na kuchanganywa na watu wazima Manyani waliletwa katikati ya miaka ya 1950. Wamumu ilikuwa kambi iliyovaa sare ya shule. Palikuwa na gwaride na uimbaji wa utiifu, na pia palikuwa na darasa, ufundi na cheti cha kuondokea. Nia ya serikali ilikuwa kumtengeneza kijana mtiifu. Nia ya vijana, kadiri tunavyoweza kuiona katika mambo waliyoyadai na kuyafanya baadaye, ilikuwa kusoma. Geoffrey Griffin, ofisa aliyeshughulika na vijana hao, mwaka 1959 alianzisha Starehe, Nairobi, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, katika vibanda viwili vya mabati. Gikubu mwenyewe alikuwa amepitia kizuizini. Mojawapo ya shule zinazoheshimiwa zaidi nchini ina asili yake, kwa sehemu, katika vumbi la kambi hizo.

Hapa msomaji makini atasimama na kupinga. Wamumu yenyewe, atasema, inaonyesha kwamba kitabu kilikuwa chombo cha mtawala, na kwamba waliokipenda walikuwa wanajifunga minyororo kwa furaha. Hoja hiyo ina ushahidi, na sitaukwepa. Kitabu kiliwagawanya watu wa Mlima Kenya. Hata msituni, kufikia mwaka 1955, kundi la Riigi lililomzunguka Stanley Mathenge lilijitenga na Bunge la Kenya, baraza la wapiganaji lililoongozwa na Kimathi, na mojawapo ya malalamiko yake ilikuwa kwamba waliosoma walijifanya mabwana juu ya wasiosoma. Nje ya msitu mgawanyiko uliingizwa katika sheria. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambao Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, mpiga kura mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu kulingana na elimu, mali, umri au utumishi wake; na Mkikuyu, Muembu au Mmeru hakuweza kupiga kura yoyote bila cheti cha utiifu. Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, alimshinda Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza katika baraza hilo tangu 1944, kwa sababu Wameru waliokuwa na vyeti walikuwa wengi kuliko Wakikuyu. Mwaka uliofuata Jeremiah Nyagah wa Embu, naye mwalimu, akaingia. Mtu anaweza kuitazama orodha hiyo na kuona kwamba elimu ilinunuliwa kwa utiifu.

Lakini tazama walichofanya wakishaingia. Mate na wenzake saba waliochaguliwa mwaka 1957, ambao wengi wao walikuwa wamefundisha shuleni, walikataa nyadhifa za uwaziri walizotengewa na kudai viti zaidi vya Waafrika. Serikali iliwapa kura wasomi ikidhani wasomi ni watiifu, na wasomi wakazitumia kura hizo kuibana. Hilo ndilo tatizo la kudumu la kila mtawala anayefundisha watu kusoma: hawezi kuchagua watakachokisoma baadaye, wala hitimisho watakalolifikia. Kijana aliyefundishwa kusoma amri ya kafyu anaweza pia kusoma katiba. Kuhusu Riigi, nakubali kwamba malalamiko yao yalikuwa ya haki. Msomi anayemdharau asiyesoma ameharibu kile alichokisoma. Hata hivyo dawa ya kosa hilo ilikuwa kuwafundisha wote, na ndiyo iliyofanyika katika kambi za Kariuki, ambako darasa lilikuwa la kila aliyetaka na mwalimu hakulipwa kitu.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Watu wengi wa Meru na Embu mwaka 1952 hawakujua kusoma. Wanawake waliopeleka chakula msituni, wakachimba mahandaki ya vijiji kwa kulazimishwa na kulea watoto chini ya kafyu, wengi wao hawakuwahi kushika kalamu. Walishikiliwa na kiapo, nyimbo, sala na ardhi. Musa Mwariama, mpiganaji wa Tigania, Meru, alikaa msituni mpaka Desemba 1963, akatoka kukutana na Kenyatta nchi ilipokwisha kuwa huru. Nani atasema kwamba ni kitabu kilichomshikilia kwa muda wote huo? Sisemi hivyo. Kusema kwamba kitabu kilikuwa umbo kuu la matumaini hakumnyang'anyi mtu matumaini mengine. Lakini tuwasikilize hao wasiosoma wenyewe. Nyimbo za wakati ule, zile zilizopigwa marufuku, zilisifu shule; zilimtaja Mbiyu Koinange na Githunguri kwa sauti ile ile ziliyoitajia ardhi. Waliochangia shule za KISA kwa jasho lao walikuwa kwa sehemu kubwa wazazi wasiojua kusoma. Mtu asiyesoma anayeuza mbuzi ili mtoto wa jirani apate mwalimu anakipenda kitabu kuliko mwanachuoni mwenye kabati lililojaa. Na ardhi nayo ilikuwa inageuka karatasi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulianza kuunganisha vipande vya mashamba na kutoa hatimiliki wakati maelfu ya wenye mashamba walikuwa kizuizini au msituni. Walioachwa nyumbani bila mtu wa kusoma notisi na kuandika pingamizi walipoteza udongo. Waliopigania ardhi waligundua, wengi wao kwa kuchelewa, kwamba shamba sasa linalindwa kwa maandishi.

Liko pingamizi la tatu, nalo ndilo linaloumiza. Kitabu hakizuii risasi. Mwezi Juni 1953, huko Chuka, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni, waliwaua watu wasiopungua 20 wasio na silaha, miongoni mwao wakiwamo askari wa nyumbani waliokuwa upande wa serikali hiyo hiyo, na hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji hayo. Elimu isingewaokoa. Mfano wa mbali unaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Katika mji wa Vilnius, Lithuania, Wayahudi waliofungiwa na Wanazi walifungua maktaba chini ya Herman Kruk, na Desemba 1942 waliadhimisha kuazimwa kwa kitabu cha 100,000 tangu maktaba ifunguliwe. Wengi wa wasomaji hao waliuawa. Kruk mwenyewe aliuawa kambini Estonia mnamo Septemba 1944, siku moja baada ya kufukia shajara yake ardhini. Je, matumaini yao yalikuwa upumbavu? Shajara ile ilifukuliwa na kusomwa. Kruk hakudhani kwamba maandishi yatamwokoa. Aliamini kwamba yatawafikia wengine, na yalifika.

Kwetu pia yalifika. Mwaka baada ya mwaka waliotoka kambini walieleza waliyotendewa, na waliambiwa hakuna ushahidi. Mnamo 2005 vitabu vya Caroline Elkins na David Anderson vilikusanya kumbukumbu zao pamoja na hati za mahakama na za serikali. Mwaka 2009 wazee wa Mau Mau walifungua kesi London, na mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi huko Hanslope Park, Uingereza, masanduku 300 hivi ya majalada yaliyoondolewa Kenya kabla ya uhuru, huku mengine mengi yakiwa yameteketezwa kwa moto. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kuwalipa walalamikaji 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kiasi hicho ni kidogo kwa kila mtu, na wengi walikuwa wameshakufa. Lakini mkoloni aliyechoma karatasi alikuwa na maoni yale yale na Kimathi aliyeamuru zitunzwe: wote wawili walijua kwamba siku moja zitasomwa.

Kitu kimoja kinanisumbua katika ushahidi wote nilioutoa. Kariuki alikuwa mtu wa Nyeri aliyekulia Bonde la Ufa. Gakaara, Njama, Kimathi na Itote walikuwa wa Nyeri. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye Dreams in a Time of War yake ndiyo simulizi maarufu kuliko zote ya mtoto aliyesoma katikati ya vita hivyo, alitoka Limuru. Wameru na Waembu wapo katika kila orodha ya serikali, wakitajwa baada ya Wakikuyu kana kwamba ni mkia wao, lakini vitabu vyao wenyewe juu ya miaka hiyo ni vichache mno. Tunajua kambi za Mwea zaidi kutokana na walioletwa huko kuliko kwa wenyeji walioishi kando ya waya. Tunajua majina ya wapiganaji Mwariama na Baimungi, lakini hatuna shajara za makarani wao. Walimu wa KISA wa Gichugu na Imenti, waliofungiwa shule na kubaki na chaki mfukoni, hawana kitabu.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1952 amevuka themanini. Bado wapo wanaokumbuka kijiji cha mahandaki, mwalimu aliyefundisha bila vitabu, barua iliyofika kutoka Manyani ikiwa imekatwa maneno kwa mkasi. Kuna Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Chuka na kile cha Meru kilichoko Nchiru. Kuna maktaba za umma mjini Embu na mjini Meru. Idara za historia na lugha katika vyuo hivyo ziwatume wanafunzi wao nyumbani kabla ya kuwatuma mahali pengine, na maktaba zitenge rafu ya kupokea watakachokileta. Nawe msomaji wa pande hizo, kama kuna sanduku la bati chini ya kitanda cha nyanya yako, lenye kitabu cha pasi, cheti cha utiifu, daftari la shule au barua ya kambini, usiliache liliwe na mchwa. Litoe, likaushe, piga picha kila ukurasa, muulize nyanya majina ya watu waliomo, na uyaandike yote pamoja na tarehe.